Bingwa wa Afrika, mbona katolewa mapema? Hesabu ya pointi, vinyoya na viza

Habari zenu ndugu zangu, wazee wangu mnaotazama shikamooni. Leo tunazungumzia badmintoni, mpira wa vinyoya. Hapa Denmark mchezo huu ni mkubwa. Viktor Axelsen alichukua dhahabu ya Olimpiki Tokyo, akairudia Paris 2024, kwa hiyo hata bibi wa jirani anajua kinyoya kinavyopigwa. Nyumbani, kila Olimpiki ikifika, swali ni lile lile: huyu si bingwa wa Afrika? Mbona katolewa kwenye makundi? Mimi naona swali hilo linaanza mkiani. Tuanzie kichwani, kwenye pointi.

Mchezaji anapangwa duniani kwa matokeo yake kumi bora ndani ya wiki 52. Siyo jumla ya yote aliyocheza, ni kumi tu yaliyo bora. Na kila wiki inayopita, pointi za wiki kama hiyo mwaka jana zinafutika. Ulishinda Kampala mwaka jana, mwaka huu hukwenda, unashuka hata kama umelala nyumbani huna jeraha.

Sasa ngazi za mashindano. Juu kabisa kuna Super 1000, 750, 500, 300 na 100. Chini yake ndiko wengi wetu tunakoishi: International Challenge, International Series, na Future Series. Bingwa wa Challenge anapata pointi 4,000, wa Series 2,500, wa Future 1,700. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Ukitolewa robo fainali ya Challenge unaondoka na 2,200. Yaani umepita bingwa wa Future aliyebeba kombe, akapigwa picha na waziri. Hata kutolewa raundi ya wachezaji 16 bora ya Challenge ni 1,520, zaidi ya robo fainali ya Series ambayo ni 1,370. Kombe ni zuri kwa gazeti, lakini anayepanga msimu kwa kufuata makombe madogo anajidanganya.

Upande wa pili wa hesabu hiyo: Challenge ina wachezaji wazito, na ukitolewa raundi ya kwanza unapata kiduchu baada ya kulipa nauli nzima. Kwa hiyo kijana anayeanza ajaze kwanza nafasi kumi zake kwa Future na Series za karibu. Anayecheza mashindano manne kwa mwaka anahesabiwa manne, zile sita zilizobaki ni sifuri tupu. Zikishajaa, ndipo anaanza kubadilisha moja moja: Future moja inatoka, Challenge moja inaingia. Mashindano ya Afrika ya mchezaji mmoja mmoja yenyewe yasikosekane, nayo yana pointi za orodha ya dunia.

Bara letu lina mashindano ya kutosha kwa kazi hiyo: Uganda, Zambia, Kenya, Mauritius, Lagos, Misri, Kameruni, Benin, Botswana. Ila msidhani ukicheza Afrika unakutana na Waafrika tu. Wahindi wanakuja wengi, kwa sababu ushindani kwao ni mkali na pointi zetu wanaziona ni karibu. Kijana wa Nairobi anaweza kupata Mhindi raundi ya kwanza Lugogo pale pale Kampala. Hilo mimi naliona ni jema: unakutana na kiwango cha Asia bila kulipa tiketi ya Asia.

Wanaocheza wawili wawili, sikilizeni vizuri. Kwenye orodha ya dunia pointi ni za jozi. Ukibadilisha mwenzio, jozi mpya inaanza upya kwenye orodha hiyo. Vyama vyetu vinapenda kuchanganya wachezaji kila kambi, mwaka mzima wa nauli unakwenda na maji. Tazameni Waalgeria Koceila Mammeri na Tanina Mammeri, waliocheza Paris 2024 mseto wa mwanamume na mwanamke. Hao ni ndugu, kaka na dada, na kwa muda mrefu wamebaki jozi ile ile. Wanaijeria Godwin Olofua na Anuoluwapo Opeyori nao walifika Tokyo kama jozi ya wanaume, kisha Opeyori akarudi Paris kucheza peke yake.

Tiketi ya Olimpiki inatoka kwenye orodha ya pointi za kipindi maalumu. Kwa Paris kilianza tarehe 1 Mei 2023 hadi 28 Aprili 2024. Kila bara linahakikishiwa nafasi, kwa hiyo vita halisi ya mchezaji wetu ni dhidi ya Waafrika wenzake. Mnaijeria hahitaji kumpita Mjapani kwenye orodha, anahitaji kumpita Mmisri na Mmauritius. Ndiyo maana mwezi Aprili wa mwaka wa Olimpiki utawaona watu wanazunguka viwanja kama wachuuzi, wanakimbizana kwa pointi mia tatu.

Halafu wanafika Olimpiki. Makundi ya mchezaji mmoja mmoja ni madogo, na kinara peke yake ndiye anayepita. Mechi mbili, kwaheri. Waliofika mbali zaidi kwetu ni Waafrika Kusini Michelle Edwards na Annari Viljoen, robo fainali London 2012. Na hapo tuwe wakweli: waliingia baada ya jozi nne kufukuzwa kwa kupoteza mechi za makundi makusudi, kisha wakafungwa na Warusi. Medali ya badmintoni ya Olimpiki Afrika haijaiona tangu mchezo uingie rasmi mwaka 1992.

Tatizo la uwanjani wengi wanasema ni mazoezi kidogo. Mimi nasema kwanza ni kinyoya chenyewe. Cha mashindano kina manyoya 16, uzito kati ya gramu 4.74 na 5.50, na mengi ni ya bata bukini. Klabu nyingi za nyumbani zinafanyia mazoezi cha nailoni kwa sababu kinadumu. Cha manyoya kinatoka kwa kasi kisha kinafunga breki na kudondoka. Cha nailoni hakifungi breki vile, kinaendelea. Aliyezoea nailoni akiletewa dropu ya manyoya, pigo la kudondosha kinyoya karibu na wavu, anafika amechelewa hatua nzima, na mipira yake ya wavuni inaruka juu, inauawa. Kama bajeti ni ndogo, tumieni nailoni kwa kukimbia na kupasha mwili, manyoya yawekwe kwa kazi ya wavuni, kuanzisha mchezo (sevu), na mechi za mwisho wa wiki. Msifanye kinyume.

Kuna na kasi. Vinyoya vinaandikwa namba 75 hadi 79, kubwa ndiyo ya haraka. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kinyoya kinapaa, kwa hiyo mnatumia 75 au 76. Mkienda pwani au ukumbi wenye baridi namba inapanda. Kupima ni hivi: simama kwenye mstari wa nyuma, piga kutoka chini kwa nguvu zote kuelekea mstari wa nyuma wa upande wa pili, sambamba na mistari ya pembeni. Kikitua kati ya sentimita 53 na 99 kabla ya mstari ule, ni sahihi. Kikipita, ni cha haraka mno.

Vinyoya vikikauka vinavunjika kama majani ya mahindi kiangazi. Fungua mkebe pande zote mbili, pitisha mvuke wa maji ya moto upande wa manyoya kwa sekunde chache, koki, kile kichwa kigumu cha kinyoya, isilowe, kisha uache wima usiku kucha. Ukizidisha mvuke vinakuwa vizito na vya polepole.

Kumbi kubwa nazo zina upepo wa viyoyozi. Ndiyo sababu wazoefu wa mchezo wanapopasha mwili wanapiga mipira ya juu pande zote mbili: upande mmoja kinyoya kinatoka nje, mwingine kinabaki kifupi. Mnabadilishana baada ya kila seti, na seti ya tatu mkifika 11. Pale kwenye 11 kuna mapumziko ya sekunde 60, kati ya seti 120. Kocha anaruhusiwa kusogea na kuzungumza. Mchezaji wetu mara nyingi kiti cha kocha nyuma yake ni kitupu, kwa sababu tiketi ilikuwa moja. Akifungwa 11-4, hakuna wa kumwambia kwamba anapiga kinyoya kirefu upande wa upepo.

Na kuanzisha. Tangu 2018 kinyoya chote kinatakiwa kiwe chini ya mita 1.15 kutoka sakafuni wakati raketi inakigusa. Nyumbani hakuna anayepima, mtu akienda kucheza nje ya nchi anaadhibiwa mara tatu za haraka, kichwa kinavurugika. Dawa ni rahisi: funga kamba kati ya nguzo mbili kwa mita 1.15, anzisha chini yake kila siku.

Viza nayo ni sehemu ya mazoezi. Ya Schengen, viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, unaweza kuomba hadi miezi 6 kabla, na kwa kawaida jibu huchukua siku 15, pasipoti ikiwa kwao. Siku hizo huwezi kwenda Lagos wala Lusaka. Kwa hiyo ombeni kwenye pengo la ratiba, na mwombe ya kuingia mara nyingi, mkiambatisha mialiko ya mashindano yote. Ya kuingia mara moja ukitoka kwenda Uingereza umejifungia nje. Chanjo ya homa ya manjano, ile ya kitabu cha njano, ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Na usajili wa mashindano unafanywa na chama cha taifa, si mchezaji, kwa hiyo kumbusheni katibu kabla dirisha halijafungwa.

Nimalizie na wenye ulemavu, kwa sababu huko ndiko medali ilikotoka. Eniola Bolaji wa Naijeria alichukua shaba Paralimpiki ya Paris 2024 daraja la SL3, la wenye ulemavu wa miguu wanaocheza wamesimama, ambalo mchezaji mmoja mmoja hutumia nusu ya uwanja. Mafundi na makocha wenye vijana wa namna hiyo, jueni kwamba daraja hupewa na wapimaji wa kimataifa kwenye mashindano yenyewe, na bila daraja hilo hakuna pointi zinazoanza kuhesabiwa. Mpelekeni apimwe mapema, akiwa na barua ya daktari na picha za eksirei mkononi.