Mtihani wa Septemba, Dalali wa Oktoba

ZUHURA: Karibuni tena, tunarekodi hapa Tabora mjini. Leo ni vijana wanaotumikishwa, na jinsi baadhi yao wanavyoishia kupiga watu roba usiku. Kaka Kulwa, wengi wakisikia uhalifu wanaanzia polisi. Wewe?

KULWA: Mimi naanzia kwenye kalenda, da Zuhura. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba, kidato cha kwanza kinaanza Januari. Hapo katikati mtoto yuko nyumbani. Na hiyo ndiyo miezi ambayo mashamba ya tumbaku ya Urambo, Kaliua na Sikonge yanataka watu: vitalu vinamwagiliwa, matuta yanapigwa, mvua za Novemba zikishika miche inahamishiwa shambani. Dalali wa vibarua anaijua kalenda hiyo vizuri sana. Anakwenda mkoani Kigoma, Kasulu, Buhigwe, Kibondo, anarudi na vijana.

ZUHURA: Wala dalali hateki mtu. Anamkuta mzazi amekwama kwenye sare, madaftari na mchango wa chakula. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa 2016, sawa, lakini ada haikuwa gharama pekee.

KULWA: Na kuna shimo la umri. Kijana wa miaka 15 aliyeacha shule, nani anamhesabu? Mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia kumi ya mapato, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, hapati kwa sababu hajafika 18. Kitambulisho cha NIDA hana. Bila NIDA hawezi kusajili laini kwa jina lake. Sasa fikiria: hata tajiri, yaani mwenye shamba, akiwa mwema akaamua kumlipa kwa simu, hela inaingia kwenye laini ya nani?

ZUHURA: Ya dalali.

KULWA: Ya dalali au ya tajiri mwenyewe. Hapo ndipo wizi unapoanzia, kabla hata jembe halijashikwa.

ZUHURA: Tueleze malipo yenyewe.

KULWA: Mkataba ni wa mdomo, na ni wa msimu mzima. Analala na kula kwa tajiri, hela anaahidiwa tumbaku ikiuzwa. Kati ya kupanda na soko kuna kupalilia, kukata vikonyo, kuchuma, kukausha, kupanga madaraja. Miezi na miezi. Siku ya hesabu anasomewa makato: nauli ya kuja, unga, kandambili, dawa alizomeza alipougua. Tumbaku ikishuka daraja, au chama cha msingi cha ushirika kinachouza tumbaku kikichelewa kulipwa, tajiri anamwambia hata yeye hajapata. Mara nyingine ni kweli, lakini hasara ya soko haikupaswa kubebwa na kibarua.

ZUHURA: Akiondoka katikati anapoteza yote, kwa hiyo haondoki. Hahitaji kufungiwa mlango.

KULWA: Na kazi yenyewe inaumiza. Jani bichi lenye umande linapitisha nikotini kwenye ngozi, kijana anatapika na kupata kizunguzungu, watu wanasema malaria. Kwenye bani, jengo la kukaushia tumbaku, moto unachochewa usiku na mchana, karibu wiki nzima kwa kila mkupuo. Anayekesha pale mara nyingi ni mdogo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kufanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na kazi hatarishi ni marufuku chini ya miaka 18. Kazi nyepesi inaruhusiwa kuanzia 14. Kuchochea bani si kazi nyepesi.

ZUHURA: Wazazi wengine wanasema, "Nilimruhusu mwenyewe."

KULWA: Ruhusa hiyo haimwokoi dalali. Kwa sheria ya 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, ukimsafirisha mtoto ili atumikishwe ni kosa hata kama yeye na mzazi walikubali.

ZUHURA: Sasa kijana anarudi mikono mitupu. Nyumbani anaona aibu, anabaki stendi.

KULWA: Anabaki na wenzake waliodhulumiwa vilevile. Mkubwa wao anampa chakula na pa kulala, kisha anamtuma: shika simu hii, simama kona ile uangalie. Ni mtego uleule wa dalali, deni kwanza kazi baadaye. Panga linakuja mwisho. Siwasemi vibaya sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, huku Unyamwezini tunawajua tangu miaka ya 1980, ila doria ya usiku inamkuta kijana akiwa ameshaiva.

ZUHURA: Basi tuseme cha kufanya. Kijana ametimiza 18, anataka kweli kwenda shambani.

KULWA: Karatasi kabla ya basi. Jina la mwajiri, kijiji, kazi, kiasi, siku ya kulipwa, nani anabeba nauli. Nakala moja abaki nayo mtendaji wa kijiji anakotoka. Sehemu ya malipo itoke kila mwezi, kwa laini yake. Na hata kama hakupewa karatasi asikate tamaa: mwajiri asipoleta mkataba wa maandishi kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha masharti ni wake mwajiri.

ZUHURA: Shauri linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mshahara usiolipwa, unafungua ndani ya siku 60. Kuachishwa kazi, siku 30. Wengi wanachelewa kwa sababu wanaendelea kuahidiwa "wiki ijayo".

KULWA: Wiki ijayo ndiyo inayokula zile siku 60.

ZUHURA: Na aliye chini ya 18?

KULWA: Huyo haandikiwi mkataba wa tumbaku, anarudishwa. Piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure, au nenda dawati la jinsia na watoto polisi, au ustawi wa jamii. Ila kumrudisha tu bila nafasi ya kusoma ni kumwekea dalali akiba ya mwakani. Mwalimu mkuu na mtendaji wakae Oktoba na orodha ya darasa la saba, wapite nyumba kwa nyumba: nani ana sare, nani hana, nani hataendelea. Ambaye hataendelea apelekwe chuo cha ufundi cha VETA, Kigoma ipo na Tabora ipo. Tangu waraka wa elimu wa Novemba 2021, aliyeacha shule anaruhusiwa kurudi, hata msichana aliyejifungua.

ZUHURA: Oktoba, si Januari.

KULWA: Januari utakuta yuko Kaliua.