Umeme Mdogo: Birika Huchelewa, Friji Huungua

Assalaam alaykum. Vijana wa ufundi wa hapa Wete, nimeombwa nizungumze juu ya volti, ampea na omu. Nitaanzia kwenye lawama mnayotupiwa kila Ramadhani: "Fundi, friji umelitengeneza juzi tu, limeungua tena!"

Kanuni yenyewe haina maneno mengi. Georg Ohm, Mjerumani, aliichapisha mwaka 1827: volti ni ampea mara omu. Volti zinasukuma, ampea ndio umeme unaopita, omu ni ukinzani unaouzuia.

Chukueni birika la umeme la wati 2,000; wati, yaani nguvu, ni volti mara ampea. Kwenye volti 230 linavuta ampea 8.7, kwa hiyo koili yake ina omu kama 26.5.

Sasa magharibi inakaribia, kila mtu kawasha. Tuseme nyumba imevutiwa waya mwembamba kutoka kwa jirani, wenye omu 2 kwenda na kurudi, na inavuta ampea 20. Mbili mara ishirini: volti 40 zimeliwa njiani, zimebaki 190. Birika sasa linavuta ampea 7.2, na wati zinashuka hadi 1,365 hivi. Karibu theluthi ya nguvu imepotea, kwa sababu volti zikishuka huziburura na ampea. Chai itachelewa, basi, hakuna kilichoharibika.

Friji halifuati hesabu hiyo. Ndani mna mota, na mota yenye mzigo ikipunguziwa volti huvuta ampea zaidi. Zikishuka sana inashindwa kuanza, inanguruma tu pale ilipo, na hapo ndipo inapovuta nyingi kupita kiasi. Ampea zikiwa mara mbili, joto ni mara nne. Vanishi inayokinga waya za koili ya mota inaungua. Mteja anakulaumu, nawe volti ulizipima saa nne asubuhi! Rudi magharibi na mita yako.

Jengine, plagi legevu. Mguso mbovu wenye omu 1 tu, ukitumia birika lile, unatoa karibu wati 70 za joto ndani ya plastiki, zaidi ya globu ya wati 60. Ndio maana mnakuta tundu moja la soketi limekuwa jeusi. Na msitegemee fyuzi ya ampea 13 ikuokoeni: omu zimeongezeka, ampea zimepungua hadi 8.4, fyuzi inaona mambo ni shwari.