Uzi Uliotangulia Tandabui

Ahsanteni mliopambana na foleni ya Ubungo mkafika. Kabla sijaanza, niwatoe wasiwasi kina mama: leo ni buibui mdudu, si buibui la kuvaa. Naona mwalimu wa biolojia pale mbele ananikazia macho. Haya, nimekosa: mwenye miguu minane si mdudu.

Pitisheni hiki kipande mkono kwa mkono. Ni sandarusi, yaani utomvu wa mti ulioganda, ile iliyochimbwa sana mwambao huu karne ya 19, ikapita Unguja kwenda hadi Salem, Marekani, kutengenezwa vanishi. Kielekezeni kwenye taa. Mnamwona buibui ndani? Miguu imekunjamana, lakini hata vinyweleo vipo. Utomvu ulimkuta mtini, akakwama. Ila msije mkauziwa sandarusi kwa jina la kaharabu, ule utomvu wa kale uliogeuka kama jiwe! Dondoshea dawa ya kufutia rangi ya kucha: sandarusi itanata, kaharabu ya mamilioni ya miaka haitanata.

Buibui hana mfupa hata mmoja, akifa huoza akaisha. Ndiyo maana tunaushukuru utomvu. Mwaka 2018 alitangazwa Chimerarachne, kiumbe wa kale wa jamii ya buibui, kutoka kaharabu ya Myanmar yenye umri wa miaka milioni 100 hivi. Mwili haufiki milimita tatu. Nyuma ana vinundu vya kutolea uzi, sawa na huyu wa kwenye dari lako. Halafu ana mkia! Mwembamba, mrefu kuliko mwili wenyewe.

Mkia huo haukuwa mgeni. Kwenye miamba ya Gilboa, New York, ya miaka takriban milioni 385, kuna Attercopus, aliyewahi kuitwa buibui wa kale kuliko wote. Mwaka 2008 mtafiti wa visukuku Paul Selden na wenzake walivipitia upya vipande vyake. Mkia anao, vitundu vya uzi anavyo, vinundu hana. Sasa bila vinundu utauelekezaje uzi? Tandabui hasuki huyo. Labda alifunikia mayai, au alitandika shimo lake. Mimi hapo ndipo huwa nasisimka: uzi ulikuwapo zamani, mtego ukaja baadaye.

Na mtego wenyewe tunao. Kaharabu ya Hispania, miaka kama milioni 110, imehifadhi nyuzi za tandabui zikiwa na nzi, mbawakawa, utitiri na mguu wa nyigu, vyote bado vimenasa.

Jamani, sandarusi yangu imefika safu ya ngapi?