Ami aniuliza: kwani kulea wazee kwasomewa?

Asalaam aleikum, watu wangu. Mombasa hamjambo? Kisauni, Majengo, Likoni, Changamwe, nyote nawasalimu. Mimi niko Leeds, Uingereza, saa kumi na nusu jioni na giza limeshaingia, huu mwezi wa Novemba ndivyo ulivyo huku. Nimetoka darasani sasa hivi, hata koti sijavua. Nimewasha kamera kwa sababu ya ujumbe wa sauti niliotumiwa na ami yangu mdogo juzi. Nimeusikiliza mara tatu. Anasema: "Mwanangu, watu waniuliza wasoma nini huko. Nikiwaambia wasomea kulea wazee, wacheka. Kwani kulea wazee kwasomewa?"

Ami, shikamoo. Umeuliza swali zuri, na kwa vile watu ni wengi wanaouliza, nakujibu mbele yao.

Kozi yangu ni shahada ya miaka 3, huduma za jamii pamoja na maendeleo ya jamii. Lakini nikianza kuwaeleza masomo moja moja mtachoka. Nianze na nyumba yetu ya Kisauni.

Bibi yangu alipata kiharusi, akapooza upande wa kulia. Shangazi alimuuguza miaka 9. Kumwogesha, kumlisha uji, kumpa dawa, na kumgeuza kila baada ya saa mbili asitokwe na vidonda, mchana na usiku. Mimi nililala chumba cha pili. Nilikuwa kijana mwenye nguvu zangu, nabeba mitungi ya maji miwili miwili, lakini sikuwahi kuitwa kumgeuza bibi, wala mwenyewe sikwenda. Nyumba nzima ilijua hiyo ni kazi ya shangazi, kwa kuwa ni mwanamke na hana mume.

Wageni hawakukatika. Walimpa bibi pole, wakanywa chai ya shangazi na mahamri yake, na wakifika mlangoni wanamwambia, "Mungu atakulipa." Ni dua njema, nami naiitikia amina mpaka leo. Ila katika miaka 9 hiyo sikumsikia hata mmoja akimuuliza: na wewe, umelala?

Basi mwaka wa kwanza hapa, mhadhiri akatufungulia sheria yao ya 2014 inayoitwa Care Act, iliyoanza kutumika Aprili 2015. Inailazimisha halmashauri ya mtaa kumfanyia tathmini mgonjwa, na pia yule anayemuuguza nyumbani bila mshahara. Anakaa na mtu wa halmashauri, anaulizwa: unalala saa ngapi? Afya yako ikoje? Unaweza kuendelea na kazi hii, na je, unataka kuendelea nayo? Kuna kitu ulichokuwa ukikifanya na sasa huwezi? Wenzangu wanaandika, mimi kalamu nimeiweka chini. Nilikuwa namuona shangazi amekaa kwenye kile kigoda cha ukumbini.

Sitaki mfikiri huku kila kitu ni sawa. Kuulizwa si kusaidiwa. Hapa England, mwenye akiba na mali zinazozidi pauni 23,250 kwa kawaida hujilipia matunzo yake mwenyewe, na wapo wanaouza nyumba zao kwa ajili hiyo. Nilipopelekwa atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, nilifuatana na mhudumu hadi kwa mzee mmoja anayeishi peke yake. Dakika 15, tumbadilishe nguo, tumpe chai, tutoke. Nilipotaka kuondoka alinishika mkono akaniuliza kama nina haraka. Nyumba ile ilikuwa kimya, hata jirani kukohoa husikii. Siku ile niliikumbuka kelele ya kwetu, watoto wakipita katikati ya kitanda cha bibi na meza, na sikuiona tena kuwa ni usumbufu.

Nusu ya pili ya kozi ni mtaa, yaani maendeleo ya jamii. Huko tumesoma ngazi ya ushiriki wa wananchi, yake mwanazuoni wa Marekani, Sherry Arnstein, aliyeiandika mwaka 1969. Ina vipago 8. Cha chini kabisa, wananchi wanaitwa ili waonekane wameitwa. Cha juu kabisa, wananchi ndio wenye uamuzi. Niliposoma nilikumbuka kikao kimoja cha maoni ya umma nilichohudhuria huko nyumbani kabla sijasafiri: tulisaini karatasi, tukapewa soda, mpango wenyewe ulikuwa umeshachapishwa. Na halafu nikakumbuka msiba Majengo. Mtu akifa alfajiri, kabla ya adhuhuri turubai limesimama, majamvi yametandikwa, masufuria yametoka nyumba kumi, kaburi limechimbwa, na hakuna aliyeandika barua. Maendeleo ya jamii yanaanzia kwenye nguvu hiyo ambayo watu tayari wanayo. Sasa mimi najiuliza, mbona nguvu ile inatoka siku ya maziko, na miaka 9 ya kitanda haitoki?

Na msiniambie sheria hatuna. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kupata matunzo kutoka kwa familia na serikali. Wote wawili. Kuna pesa za serikali za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70. Tangu 2023 kuna wahudumu wa afya ya jamii laki moja nchi nzima, wanapita mlango kwa mlango na mikoba yao, wanapima presha na sukari. Dada au kaka mwenye mkoba, ukimaliza kumpima mgonjwa, mgeukie yule aliyekufungulia mlango. Mpime na yeye. Muulize amelala. Mashine unayo tayari mkononi.

Haraka haraka, kwa vijana wanaonipigia simu. Shahada hii pekee haikufanyi kuwa afisa wa ustawi wa jamii huku. Jina hilo linalindwa na sheria, linataka kozi iliyoidhinishwa na kusajiliwa. Mwanafunzi wa shahada kwa viza ya masomo hapitishi saa 20 za kazi kwa wiki muhula ukiwa unaendelea. Na tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga njia ya kuajiri wahudumu wa wazee kutoka ng'ambo. Kwa hiyo mtu akikukalia hapo mjini akakwambia lete laki kadhaa akupeleke Uingereza kulea wazee, usitoe hata mia. Wazazi, msiuze shamba, tafadhali.

Turudi kwako, ami. Usiku wa somo lile nilimpigia shangazi. Kwenu ilikuwa saa sita ya usiku, naye yuko macho, kwa sababu sasa anamuuguza kaka yenu mkubwa. Nikamuuliza: shangazi, miaka ile ya bibi, wewe mwenyewe ulitaka nini? Akanyamaza, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Nilitaka kwenda Lamu kwenye harusi ya rafiki yangu. Nguo nilishashona." Hakuna aliyejua. Nguo anayo bado, haijavaliwa.

Na mgongo umemharibikia. Miaka yote hii anamgeuza mtu mzima kwa kumvuta mikono. Mimi nimefundishwa: unalipinda goti la mgonjwa, unauvusha mkono wake kifuani, unamshika begani na kwenye nyonga, unamwambia unachotaka kufanya kabla ya kumgusa, halafu unambingirisha kuja kwako kwa uzito wako mwenyewe. Ndiyo, ami. Kwasomewa.

Tarehe 14 Desemba natua uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, inshallah. Shangazi, wiki mbili hizo chumba cha ami mkubwa nalala mimi. Nauli ya Lamu nimeshaituma kwa simu, itoe nguo sandukuni uianike. Na wewe ami mdogo, njoo usiku wa kwanza, baada ya isha. Nitakuonyesha pa kushika.