Eti naishi Palace? Leo nawajibu wote

Haya wadau, mambo vipi. Leo sikupanga kurekodi kabisa, nimetoka shifti ya usiku, macho mnayoyaona ni ya usingizi sio ya kulia, ila komenti zimezidi jamani. Kila video nikiweka mtu anakuja, dada kumbe unaishi Palace? Mwingine anasema mbona unaficha unafanya kazi kwa Mfalme wa Uingereza. Mmoja kaandika kwa herufi kubwa kabisa ANARINGA HUYU. Yote haya kisa ile video ya kwenye basi niliyosema "nashukia Palace", na nyie mnajua palace ni jumba la mfalme.

Sasa mniskilize, na nikitaja bei ya chumba msianze tena oh analalamika, arudi nyumbani. Siringi, silalamiki, najibu swali.

Palace ninayoshukia mimi ni Crystal Palace, na Crystal Palace ni mtaa. Mtaa tu kama mitaa mingine, kusini mwa London, juu kilimani, una maduka ya mitumba, kinyozi, watu wanagombania parking. Jina limetoka kwenye jengo la chuma na vioo alilolichora jamaa anaitwa Joseph Paxton, ambaye kazi yake hasa ilikuwa bustani. Lilijengwa kwanza Hyde Park kwa ajili ya yale maonesho makubwa ya 1851, yaani Sabasaba ila ya dunia nzima, halafu yalipoisha wakalifumua chuma kwa chuma wakalihamishia huku kilimani, likafunguliwa tena 1854. Usiku wa tarehe 30 Novemba 1936 likashika moto likaisha. Nenda pale leo utakuta ngazi za mawe zinazopanda mpaka juu kwenye uwanja mtupu, na masanamu ya sphinx, yale ya simba mwenye kichwa cha mtu, yamepakwa rangi nyekundu kama ya matofali, watoto wanapanda mgongoni wanapigwa picha. Chini kwenye bwawa kuna masanamu ya madinosaria waliyotengeneza Wazungu wa enzi hizo, yamekosewa maumbo maana sayansi ilikuwa haijafika, mimi nayapenda hivyohivyo. Ndio ikulu yenyewe hiyo mnayonisema. Hata lilipokuwa limesimama lilikuwa jumba la maonesho na matamasha, mfalme hakai humo.

Vijana wa mkeka nyie mnaijua Palace ya mpira, sina haja ya kuwaeleza, najua imewachania mikeka ya kutosha. Ila hata timu uwanja wake haupo hapa mtaani, upo Selhurst huko, upande wa Croydon. Waliposhinda FA Cup tarehe 17 Mei 2025, wakampiga Man City 1-0, kombe lao kubwa la kwanza, huku watu wazima walilia barabarani na mimi nilikuwa nawahi kazini basi halipiti. Nikachelewa, na dakika nilizochelewa nikakatwa. Sasa mtu anitoe hapo kwenye kuringa.

Tuje kwenye hela maana ndipo mlipo wote. Chumba kimoja, jiko na choo tunashea, nalipa pauni 850 kwa mwezi, pigeni hesabu wenyewe kwa rate ya leo. Kituo cha treni kipo mpakani pa zoni 3 na zoni 4 za nauli, maana yake ukienda katikati ya mji nauli inauma. Halafu huu mtaa manispaa 5 zinakutana hapahapa, Bromley, Croydon, Lambeth, Southwark na Lewisham. Ukihama ukavuka barabara tu unaweza kujikuta manispaa nyingine, kodi ya manispaa tofauti, kibali cha parking upya, siku ya kutoa taka tofauti, unaanza kujaza fomu kama ndio umeshuka Heathrow leo.

Na makaratasi ndio yaliyonichosha zaidi. Nilipofika nchi hii, benki moja, jina silitaji, wakataka barua yenye jina langu na anwani, bili ya maji au ya umeme. Bili zote zina jina la mwenye nyumba. Dalali aliyenipangisha namwomba barua anasema nipe kwanza akaunti ya benki ya hapa ndio nikamilishe mkataba wako. Benki wanataka mkataba, mkataba unataka benki! Mshahara wangu wa kwanza ukaingia kwenye akaunti ya rafiki yangu, Mungu ambariki, hakunigusia hata senti. Wengine wanapita kirahisi siku hizi kwa zile benki za kwenye simu, kwa hiyo usichukue yangu ukaifanya sheria. Mimi yalinikuta hivyo.

Sasa katikati ya yote hayo Mjomba wangu, namheshimu sana, shikamoo Mjomba najua unaangalia, akasikia Palace akaenda kutangaza kwenye grupu la familia. Harusi ya binamu, kadi yangu ikapangiwa kiwango cha peke yake. Wenzangu wote wana kiwango kimoja, mimi "mtu wa Palace". Nikiuliza naambiwa ughaibuni umekubadilisha. Kwa kweli iliniuma, na bado inaniuma.

Jamani hapa Uingereza hilo neno wanalibandika popote. Kaskazini ya London kuna Alexandra Palace, wenyewe wanaiita Ally Pally, wanaenda kucheza vishale na kunywa bia wamevaa mavazi ya ajabu. Ilifunguliwa 1873, ikaungua baada ya siku 16, wakaijenga tena ikafunguliwa 1875. Na pale ndipo BBC walipoanza matangazo yao ya kawaida ya televisheni, tarehe 2 Novemba 1936, mwezi uleule ambao huku kwetu kulikuwa kunaungua. Bunge lao lenyewe jina rasmi ni Palace of Westminster, kwa hiyo mtu akikwambia anafanya usafi Palace, inawezekana kabisa anafagia bungeni. Lambeth Palace ni ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Blenheim Palace kule Oxfordshire ni ya ukoo wa Duke wa Marlborough, Churchill, yule aliyekuwa waziri mkuu wao, kazaliwa humo 1874. Na majumba ya sinema na tamthilia ya zamani yanayoitwa Palace ndio usiseme.

Ile mnayoifikiria nyie ni Buckingham Palace, vyumba 775, na Mfalme Charles hata kulala halali hapo, nyumba yake ya London ni Clarence House pembeni tu. Kuna Windsor pia, ya kifalme kabisa, na wala haiitwi palace, inaitwa Windsor Castle. Ukisoma kwenye habari "Palace imekanusha" ujue ni wasemaji wa Mfalme ofisini, jengo halikanushi kitu. Wageni wanaruhusiwa kuingia Buckingham kwa tiketi hasa kipindi cha kiangazi, walianza 1993 wakitafuta hela za kukarabati Windsor iliyoungua 1992. Mnaona, moto kila mahali. Mimi sijaingia, tiketi ni zaidi ya pauni 30, hiyo kwangu ni chakula cha wiki. Wewe ukija na hela zako ingia, usimsikilize mtu.

La mwisho, wanaoniuliza kazi za Palace. Nafasi za kazi za kwa Mfalme zinatangazwa kwenye tovuti yao wenyewe, mtu yeyote anaziona, na kama huna kibali cha kufanya kazi Uingereza hilo ndio swali lako la kwanza. Hata kazi zetu za kulea wazee, tangu Julai 2025 wamefunga kuchukua watu wapya kutoka nje, kwa hiyo mimi siwezi kukuvuta hata nikitaka. Mtu anayekwambia tuma hela ya fomu kwa simu atakupeleka Buckingham kupika chai, huyo ni tapeli, na mmoja alikuwa anaweka namba yake humu chini kwenye komenti zangu. Nimemblock. Akarudi na jina la kike na picha ya mtumishi wa Mungu, namba ileile. Nimemblock tena.