Lava ya Olduvai na mwendo wa sakafu ya bahari

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Mtu akiniuliza mwanajiolojia anayajuaje mambo yaliyotokea kabla hajawapo wa kuyashuhudia, humpeleka Olduvai, kaskazini mwa Tanzania. Maji yamelichimba korongo lile kufikia kina cha mita 90 hivi, na kingo zake zimeacha wazi tabaka juu ya tabaka. Hans Reck, Mjerumani aliyefanya kazi pale mwaka 1913, aliyapa matabaka makuu namba kutoka chini kwenda juu. Kanuni ni nyepesi: kilichotua kwanza kiko chini, isipokuwa ardhi iwe imepinduka. Hapo umepata mfuatano. Umri bado.

Mwaka 1959 Mary Leakey alipata fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, katika tabaka la kwanza. Mumewe, Louis, alikadiria miaka 600,000 hivi. Ndipo Jack Evernden na Garniss Curtis, wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, wakayapima majivu ya volkeno yaliyogeuka mwamba katika tabaka hilo. Ndani ya fuwele zake mna potasiamu, na aina yake moja, potasiamu-40, hupungua kwa nusu kila miaka bilioni 1.25, sehemu yake hugeuka gesi ya agoni. Mwamba ukiwa umeyeyuka, gesi hutoroka. Ukishaganda, hunaswa. Basi pima gesi iliyonaswa na potasiamu iliyobaki, utajua mwamba uliganda lini. Jibu lilitangazwa mwaka 1961: miaka milioni 1.75.

Wapo waliopinga, na hoja haikuwa ya kubeza. Fuwele kongwe zikichanganyika na majivu mapya, umri huonekana mkubwa kuliko ulivyo. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye utamu wa kazi hii: kipimo kimoja, hata kiwe kizuri namna gani, hakitoshi. Unatafuta shahidi mwingine asiyemjua wa kwanza.

Shahidi huyo alikuwa sumaku. Lava inapopoa, chembe zake zenye chuma hushika mwelekeo wa usumaku wa dunia wa wakati ule, na hazibanduki tena. Sherman Grommé na Richard Hay waliipima lava iliyo chini ya korongo, wakachapisha matokeo mwaka 1963. Lava ile inaelekea kaskazini kama dira ya leo, ilhali sehemu kubwa ya miamba ya enzi ile, popote duniani, inaelekea kusini. Usumaku wa dunia ulikuwa umegeuka, ukarudi kwa muda, kisha ukageuka tena. Muda huo, kama miaka milioni 1.95 hadi 1.78 iliyopita, wanajiolojia wa dunia nzima wanauita kipindi cha Olduvai.

Na ushahidi huo wa sumaku haukuishia nchi kavu. Katikati ya bahari kuu kuna safu za milima ambako lava mpya hutoka, ikaganda, ikasukumwa pande zote mbili. Mwaka huohuo wa 1963 Fred Vine na Drummond Matthews walieleza kwamba mistari ya usumaku iliyopimwa huko ni kumbukumbu ya kugeuka huko. Kipindi cha Olduvai nacho kina mstari wake. Tuseme umeukuta kilomita 20 kutoka kwenye safu: gawanya kwa miaka milioni 1.9, unapata kama sentimita moja kwa mwaka. Atlantiki ya Kaskazini inapanuka kwa mwendo wa karibu na huo, kila upande.