Woolf Works: Nani Kapewa Nafasi ya Nani, na Ukumbi Uliipokeaje

Habari zenu nyote mnaonitazama, mlioko nyumbani na mlioko huku ughaibuni kama mimi. Karibuni sana. Leo mambo ya viza na ya kutafuta kazi tunayaweka kando. Kuna mtazamaji aliniuliza: "Dada, baleti ukishaiona mara moja na hadithi umeshaijua, unarudi kufanya nini tena?" Swali hilo limenikaa, na nataka kulijibu vizuri. Unarudi kwa ajili ya watu. Unarudi kwa sababu safari hii nafasi ile ile kapewa mtu mwingine, na mtu mwingine akiingia, hadithi yenyewe inageuka. Kwangu mimi, kazi iliyonionyesha hilo waziwazi kuliko zote ni Woolf Works, na ndiyo ninayoizungumzia leo.

Niwape msingi kwanza, haraka haraka. Woolf Works ni baleti ya kisasa iliyotungwa na Wayne McGregor, ambaye tangu 2006 ndiye mtunzi wa dansi wa kudumu wa Royal Ballet, kampuni ya baleti ya hapa London. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 11 Mei 2015, pale Royal Opera House, Covent Garden. Muziki ni wa Max Richter. Imetokana na maandishi ya Virginia Woolf, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, na ina sehemu tatu: ya kwanza imechotwa kwenye riwaya ya Mrs Dalloway ya 1925, ya pili kwenye Orlando ya 1928, ya tatu kwenye The Waves ya 1931. Kati ya sehemu na sehemu kuna mapumziko, kwa hiyo ukienda ujue jioni nzima imekwenda.

Msitegemee kusimuliwa riwaya sura kwa sura. Onyesho likianza, kinachokufikia kwanza ni sauti ya Woolf mwenyewe, kutoka kipindi cha redio cha BBC cha mwaka 1937, ambayo ndiyo rekodi pekee ya sauti yake iliyobaki. Anazungumzia maneno, jinsi yalivyojaa mwangwi na kumbukumbu kwa kuwa yamekuwa midomoni mwa watu karne na karne. Sasa fikirini: mwandishi anayasifia maneno, halafu baada ya hapo jioni nzima hakuna mchezaji anayefungua mdomo. Kila kitu kimeachiwa mwili. Na kama kila kitu kimeachiwa mwili, basi kuamua ni mwili wa nani ndiyo kazi kubwa kuliko zote.

Tuje kwa Clarissa. Kwenye riwaya, Clarissa Dalloway ni mwanamke aliyeingia mwaka wake wa 52. Ni siku moja ya Juni, hapa hapa London, anaandaa karamu ya jioni, na kichwani mwake ujana wake haujamwacha. Baleti ina mazoea ya kumpa binti mdogo kila kitu: yeye apende, yeye aachwe, yeye afe. Akihitajika mwanamke mtu mzima, mara nyingi anavishwa gauni zito, anawekwa pembeni ya jukwaa, kazi yake ni kutembea kwa madaha na kunyoosha kidole. McGregor hakutaka hivyo. Alimfuata Alessandra Ferri, mzaliwa wa Milan, aliyekuwa nyota wa Royal Ballet miaka ya 1980, akawa nyota wa American Ballet Theatre kule New York, na akastaafu 2007. Ferri alizaliwa tarehe 6 Mei 1963. Hesabuni wenyewe: usiku wa ufunguzi alikuwa ametimiza miaka 52 siku tano tu kabla. Umri wa Clarissa, mwilini mwa mtu aliyeuishi.

Tena nafasi yake ni mbili kwa pamoja. Ferri ni Clarissa, na papo hapo ni Woolf anayemwandika Clarissa. Anapotazama vijana wakicheza mbele yake, hujui kama ni mwanamke anayekumbuka ujana au ni mwandishi anayeumba watu. Nadhani McGregor hataki ujue.

Nilimwona Ferri 2023, baleti hii iliporudishwa jukwaani, naye ana miaka 59. Tiketi yangu ilikuwa ya kusimama, zile ambazo mfuko wangu unaziweza, kwa hiyo nilikwenda na darubini ndogo. Jukwaani kuna fremu tatu kubwa sana za mbao zinazozunguka polepole, na wachezaji wanapita ndani yake na kuzizunguka. Kwa ile darubini nilimfuata Ferri miguuni. Tao la wayo wake linajulikana dunia nzima kwa watu wa baleti, na mguu ukinyooka bado lipo, limepinda vile vile. Ukipandisha macho unakutana na shingo yenye kano zilizojitokeza na mikono ya mtu mzima. Miguu ya msichana, mikono ya mama. Hapo hapo, bila neno hata moja, nikawa nimeisoma Mrs Dalloway: mwanamke mwenye umri wake wote ndani yake kwa mara moja.

Hata hivyo, Ferri hawezi kuifanya kazi hiyo peke yake. Kumbukumbu zake zinahitaji watu wa kuzibeba, na hapa nataka wa nyumbani msogee karibu. Kwenye kikosi cha 2015, Clarissa wa ujanani alikuwa Beatriz Stix-Brunell wa Marekani. Sally, yule rafiki ambaye Clarissa hajawahi kumsahau, alikuwa Francesca Hayward. Francesca alizaliwa Nairobi mwaka 1992, mama yake Mkenya, baba yake Mwingereza, akalelewa Sussex, kusini mwa Uingereza. Aliingia Royal Ballet 2010, na kufikia 2016 alikuwa mchezaji mkuu, daraja la juu kabisa la kampuni.

Kwa nini Sally? Kwenye riwaya Sally ndiye mwenye uhai kupita wote, binti asiyejali nani anasema nini, na busu alilompa Clarissa bustanini Clarissa analibeba miaka zaidi ya 30 kama kitu cha thamani kuliko vyote alivyopewa. Busu hilo lipo kwenye baleti. Sasa nafasi kama hiyo huwezi kumpa mtu eti kwa kuwa ni fundi tu. Inataka mtu ambaye akiingia, macho ya ukumbi hayaendi kwingine. Francesca anakimbia kwa wepesi ambao hauna dalili ya kujitahidi, mabega yamelegea, uso uko wazi. Mimi niliona fahari, siwafichi, na fahari yangu haikuwa tu kwamba kazaliwa kwetu. Ni kwamba alipewa nafasi ya mtu anayekumbukwa kwa mapenzi, katikati kabisa ya hadithi.

Yupo pia Septimus, askari aliyerudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza akiwa ameharibikiwa akili kwa yale aliyoyaona, na rafiki yake Evans aliyefia vitani anaendelea kumtokea. Aliyeianzisha nafasi hii ni Edward Watson, Mwingereza mwenye nywele nyekundu na viungo virefu vinavyojikunja kwa namna inayouma kuitazama. Kwenye riwaya Clarissa na Septimus hawakutani hata mara moja. Clarissa anasikia tu habari ya kifo chake katikati ya karamu. Kwenye baleti wanacheza pamoja. Wako watu waliolalamika kwamba hiyo ni kuvunja kitabu. Mimi naona ndiyo kukisoma kwa undani, maana kitabu chenyewe kinawafunga hao wawili kwa kamba ambayo wao hawaioni.

Haya, turudi kwenye swali letu. Mwaka 2023 nafasi ya Woolf iligawanywa: Ferri, Marianela Nuñez wa Argentina, na Natalia Osipova wa Urusi. Kama mnavyosubiri kikosi kitangazwe kabla ya mechi kubwa, ndivyo watu wa baleti huku wanavyosubiri kutangazwa nani anacheza usiku gani, na tiketi zinanunuliwa kwa kufuata majina. Nilirudi kumwona Nuñez, ambaye mwezi ule alikuwa anatimiza miaka 41. Ilikuwa riwaya nyingine. Kwa Ferri, kati ya Clarissa mtu mzima na Clarissa binti kuna bahari. Kwa Nuñez ni mto, unaweza kuuvuka. Anaonekana mtu ambaye angeweza bado kubadili maisha yake, na hilo kwangu lilikuwa na uchungu wa aina yake, kwa sababu habadilishi. Mistari ya mwili wake ni safi mno, ndefu, hakuna kinachotetereka. Clarissa wa Ferri amekwisha kuyapoteza mambo. Wa Nuñez bado anayapoteza mbele ya macho yetu.

Wakati wa mapumziko ubishi ulikuwa wa moto kweli kweli. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa ameegemea reli karibu nami alisema kwake Clarissa ni Ferri basi, mwingine yeyote ni mwigizaji. Kijana aliyekuwa nyuma yetu akamjibu kwa adabu kwamba tukisema hivyo, kazi itazikwa siku Ferri atakapoacha, na kwamba nafasi nzuri ni ile inayowavumilia watu wengi. Nilimwelewa mama, lakini niliungana na kijana. Na tazameni jambo moja: Osipova mwaka 2015 alikuwa kwenye sehemu ya pili, miguu ikipaa juu, kasi tupu. Miaka minane baadaye anaingia kwenye nafasi ya Woolf akiwa na miaka 36. Kampuni inamkuza mtu ndani ya kazi ile ile, mpaka anaufikia upande wa pili wa kitabu.

Hiyo sehemu ya pili ndiyo iliyowagawa watu tangu siku ya kwanza, watazamaji na wahakiki. Orlando kwenye riwaya anaishi zaidi ya karne tatu, na katikati anageuka kutoka mwanamume kuwa mwanamke. McGregor hakumchagua Orlando mmoja. Alijaza jukwaa watu, 2015 wakiwemo Osipova, Steven McRae, Sarah Lamb, Watson, na Eric Underwood, Mmarekani mweusi kutoka Washington, wakiwa na mavazi ya dhahabu na meusi yenye kola kubwa za enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Leza zinakata moshi juu ya vichwa vya watazamaji, muziki unageuzwa geuzwa kutoka La Folia, wimbo wa kale wa Ulaya. Wanaume na wanawake wanabadilishana mavazi na mienendo mpaka unaacha kujiuliza huyu ni nani. Nilisikia watu wakisema mwanga umemeza hadithi. Kwa maoni yangu leza zimezidi kidogo, lakini kutomteua Orlando mmoja ulikuwa uamuzi sahihi. Mtu wa karne tatu na jinsia mbili, ungempa nani peke yake?

Sehemu ya tatu nawaonya mapema walio na majonzi mapya: inaanza na sauti ya mwigizaji Gillian Anderson akisoma barua ambayo Woolf alimwachia mumewe Leonard mwaka 1941, kabla ya kujitosa mtoni. Nyuma kuna filamu ya mawimbi, kubwa upana wa jukwaa, yakienda taratibu sana. Wapo watoto jukwaani, wapo wachezaji wengi, na kuna sauti ya mwanamke anayeimba bila maneno. Hapa ndipo umri wa Ferri ulipoufanya ukumbi wote kunyamaza. Mwanamume aliyecheza naye alikuwa akimnyanyua na kumshusha kwa uangalifu wa mtu anayejua uzito halisi wa mwenzake. Wachezaji wawili vijana wangeifanya hiyo kuwa picha nzuri. Kwa watu wazima inakuwa ndoa. Jirani yangu alikuwa analia waziwazi, na makofi yalichelewa kuanza.

Mwaka 2016 kazi hii ilipata Tuzo ya Olivier, tuzo kubwa ya sanaa za jukwaani hapa London, ya onyesho jipya bora la dansi, na Ferri naye akapata ya kwake, kwa hii na kwa kazi nyingine iitwayo Chéri. Nafurahi kwamba majaji waliona alichokifanya yule mama, kwa sababu tangu hapo imekuwa vigumu kusema hadharani kwamba mwanamke wa miaka 50 hana la kucheza.

Mlioko nyumbani mnaweza kuipata bila kupanda ndege. Februari 2017 ilirushwa moja kwa moja kwenye majumba ya sinema, na rekodi hiyo ikatolewa kwenye DVD: Ferri yumo, Federico Bonelli aliyecheza naye tangu 2015 yumo, Watson yumo, na Francesca yumo kama Sally. Muziki nao upo kwenye albamu ya Richter iitwayo Three Worlds, ya mwaka huo huo, na sauti ya Woolf mtaisikia mwanzoni kabisa. Ushauri wangu ni huu: sehemu ya kwanza itazameni mara mbili. Mara ya kwanza mfuateni Ferri peke yake, hata akiwa amesimama tu pembeni. Mara ya pili msimwangalie kabisa, mfuateni Francesca. Halafu niandikieni: kama kesho mngepewa ninyi kupanga kikosi, nafasi ya Clarissa mngempa nani, na mwenye umri gani? Majibu yenu nitayasoma kwenye video ijayo, pamoja na sababu zenu.